CV Niliyokuandikia na Ujumbe Nisiokufikishia

Mama yangu Skola,

Umeenda Kawajense kumuaga shangazi yako, nami nimefunga duka saa tisa mchana, jambo ambalo majirani watalizungumza wiki nzima. Naandika kwa mkono. Ningeweza kuchapa, ila nikikaa mbele ya ile kompyuta vidole vinaanza vyenyewe: "Yahusu: Maombi ya kazi." Miaka kumi na sita ya steshenari imenifanya hivyo. Siwezi tena kumwandikia mtu barua bila kumwomba ajira.

Habari za begi, za kutolala hovyo kwenye treni, za kutopokea soda ya mtu usiyemjua, hizo shangazi yako anakupa sasa hivi, na kesho stesheni atazirudia. Mimi nina mambo mawili tu. La kwanza ni la CV, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ninayoijua. La pili limo ndani ya hilo la kwanza, na nimeshindwa kulitamka kwa karibu miaka miwili. Nitaanza na jepesi. Unamjua baba yako, hulizunguka jambo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi uliyoipata kwenye kampuni ya mbegu huko Morogoro ni ya mkataba. Mkataba utaisha, au utaongezwa, au utaona pazuri zaidi. Kwa vyovyote utaandika CV nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena. Kwa hiyo nikuambie nilivyokuwa nikikosea, maana wewe ulikulia chini ya meza ya mashine ya fotokopi ukadhani baba anajua.

CV ya kwanza niliyoichapa dukani haikuwa ya mtu wa huku. Kijana mmoja aliniletea flashi yenye CV ya binamu yake wa Dar es Salaam. Akasema, "Mzee, nitolee kama hii hii, weka jina langu." Nikaweka. Aliyefuata nikachukua ya huyo, nikafuta jina, nikaweka lake. Ikaenda hivyo mwaka hadi mwaka. Mpanda nzima ilikuwa na CV moja, inabadilishwa majina tu. Ndiyo maana wote walipenda kusoma vitabu, kusafiri na kuogelea. Kuogelea, Skola! Mkoa ambao mtu akiona maji mengi huuliza kwanza kama yana viboko.

Unamkumbuka Maduhu, yule kijana mrefu wa Kisukuma wa kule Majimoto? Alikuwa na cheti cha mifugo. Nilimpa ile ile ya wote, akaitwa kwenye usaili, akarudi kunieleza.

"Mzee, wameniuliza naogelea wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kwenye lambo la ng'ombe. Wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu wakaniuliza mtindo gani."

Tulicheka wote hapo dukani, mpaka nikaona shati lake. Lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya kwenye pakiti, alilinunua kwa ajili ya siku ile moja. Kazi hakupata. Na huyo ni mtu aliyezalisha ng'ombe kwa mikono yake tangu ana miaka kumi na miwili, anayemjua mnyama mgonjwa kwa kumtazama masikio. Hayo yote hayakuwemo kwenye karatasi, kwa sababu sikumuuliza. Nilimuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa na shule alizosoma, basi. Aliondoka bila kunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu siku ile nikaanza kuuliza watu: ulifanya nini, na ulipokifanya kikatokea nini? Mtu akisema "nilikuwa nasaidia zahanati," namuuliza alisaidia nini hasa, siku ngapi, wagonjwa wakapungua kusubiri au walizidi. Watu walikuwa wananiona msumbufu. Wengine walijibu, "Wewe mzee andika tu, nyie wa steshenari mnajua." Wale waliokuwa na subira niliwaandikia vizuri. Wenye haraka niliwapa ile ya kuogelea, Mungu anisamehe.

Sasa sikiliza. Ulipomaliza chuo cha kilimo ukarudi nyumbani, CV yako niliichapa kati ya wateja wawili. Sikukuuliza hata swali moja. Nilisema moyoni, huyu ni mwanangu, namjua, nina cha kumuuliza gani? Kwenye uzoefu nikaandika: "Sina uzoefu ila nipo tayari kujifunza." Niliyaandika hayo juu yako, na wewe wakati ule kila wiki ulikuwa unapanda bodaboda hadi Majimoto, matope mpaka magotini, ukiwafundisha watu kupanda mpunga kwa mstari. Mimi nilikuita mzururaji. Nilisema mbele ya wateja, "Huyu wangu anazurura mabondeni, anangoja ajira." Wewe ulikuwa unatabasamu tu na kuendelea kupanga karatasi. Mganga hajigangi, walisema wazee, ila mimi nadhani mganga huyu hata hakujaribu.

Wiki iliyopita ukanipa CV yako mpya, ile uliyoombea kazi hii ya Morogoro, nikutolee nakala tatu za kuripoti nazo. Niliisoma mashine ikiwa inapata moto. Karatasi mbili. Hakuna dini, hakuna hali ya ndoa, hakuna kuogelea. Nikakuta mstari unaosema: "Nimewafundisha wakulima thelathini na nane wa mpunga kupanda kwa mstari, ishirini na tisa waliendelea wenyewe msimu uliofuata." Nikasimama hapo mpaka mashine ikazima taa zake.

Nikakuuliza, "Nani amekuandikia?"

"Mimi mwenyewe, baba. Nilichukua tangazo lao, kila walichokitaka nikajiuliza mimi nilikifanya lini."

"Na hawa tisa walioacha? Si ungesema tu thelathini na nane?"

"Wangeniuliza, baba. Nikawaandalia jibu kabisa. Wengi wao shamba lilikuwa mbali na maji."

Ulijibu hivyo bila hata kuinua macho kwenye simu yako. Mimi nilirudi nyuma ya pazia nikajifanya natafuta wino. Niliona fahari mpaka nikalia, na si fahari peke yake. Kila mstari wa karatasi ile ulikuwa unaniambia kwamba miaka miwili nimekaa na mtu nyumba moja bila kumjua. Kwa CV, mama, sina cha kukufundisha zaidi ya ulichokifanya hapo. Ukiandika jambo liwe lile ambalo mtu akikuuliza kwa ghafla unaweza kukaa naye ukamweleza mpaka kikombe cha chai kikaisha. Usipeleke karatasi moja kila mahali kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Na wale watakaokudhamini uwapigie simu kwanza, wajue kwamba wataulizwa na wataulizwa nini. Mimi niliwahi kuweka jina la katekista wetu kwenye CV za watu kumi na moja bila kumwambia. Alipopigiwa alisema hamjui hata mmoja. Alikuwa mkweli, maskini, na mimi nikamnunia mwezi mzima.

Nilitaka barua hii iishie hapo. Ingekuwa barua nzuri. Lakini sikufunga duka mchana kweupe kwa ajili ya katekista.

Unajua desturi ya duka letu. Wateja wengi hawakuwa na barua pepe. Wengine walikuwa nayo ila walisahau nywila, wengine simu zao za vitufe. Kwa hiyo kwenye CV zao, na kwenye ile yako ya kwanza pia, sehemu ya mawasiliano, niliweka barua pepe ya duka. Kila asubuhi nikifungua, kabla ya kufagia, nasoma barua za mji mzima. Fulani anaitwa Tabora, fulani amekataliwa, fulani alete vyeti halisi. Nampigia. Asipopatikana nampigia jirani yake. Jirani asipopatikana natuma ujumbe kwa bodaboda, au namwomba katekista yule yule atangaze baada ya misa. Kuna binti wa Mwese nilimfuata mwenyewe kwa pikipiki, mvua inanyesha, nikaanguka nayo kwenye kona ya utelezi, nikafika kwao mama yake akakimbia akidhani mimi ni kichaa. Usaili ulikuwa keshokutwa yake. Yule binti leo ni muuguzi. Ulikuwa unaipenda habari hiyo, ulikuwa unawasimulia wageni. "Baba yangu hajawahi kuacha ujumbe wa mtu ulale." Uliisema hata siku ya matanga ya mama yako.

Mama yako alikuwa na miezi minne kaburini. Wewe na mimi tulikuwa tumebaki na viti vinne mezani, na hakuna aliyethubutu kukiondoa cha mama yako, wala kile cha kaka yako aliyeolea Sumbawanga akasahau njia ya kurudi. Ilikuwa Jumatatu. Nikafungua kompyuta, nikakuta ujumbe kutoka shirika moja la Iringa. Ulikuwa na jina lako kamili, Skolastika, jina la mama yangu, ambalo ndilo linanifanya nikuite mama tangu siku uliyozaliwa. Unaitwa kwenye usaili Alhamisi. Uje na vyeti.

Ulikuwa unafagia mbele ya duka. Ukaegemeza ufagio, ukauliza kama ulivyouliza kila siku:

"Baba, kuna chochote?"

Nikasema, "Hakuna, mama."

Nilijiambia nitakwambia mchana. Mchana ukaleta ugali na dagaa, ukanipakulia kwanza, ukakaa kwenye kiti chako, tukala watu wawili na viti vyetu vinne. Nikajiambia jioni. Jioni ukaimba ukiosha vyombo, wimbo wa kwaya wa mama yako, na sauti yenyewe ni ya kwake. Nikajiambia alfajiri. Alfajiri ya Jumanne nilikuwa macho kitandani, nikalisikia basi la Mbeya likipiga honi stendi, lile ambalo ungepanda ili uwahi. Nikalisikiliza mpaka mlio wake ukaisha. Baada ya hapo sikuwa na ujumbe tena wa kukufikishia, nilikuwa na uongo wa kutunza.

Usinitafutie sababu, Skola, najua utataka kunitafutia. Hukuwa mgonjwa, njia haikuwa imekatika, fedha ya nauli ilikuwepo. Niliogopa kubaki peke yangu ndani ya nyumba ile. Niliogopa kufungua mlango jioni nikasema hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe na nisijibiwe. Basi. Mtu aliyeanguka na pikipiki kwa ajili ya mtoto wa wenzake alishindwa kutembea hatua sita kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni kwa ajili ya wa kwake. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami niliutumia msemo huo kwa watu wengi bila kujitazama nguo zangu.

Lakini hata hilo silo ninaloliona kila nikifumba macho. Ninaloliona ni wiki tatu baadaye. Uliuliza tena, nikasema tena hakuna. Ukakaa kwenye lile benchi la wateja, ukasema taratibu, "Labda mimi sifai, baba. Wenzangu wote tuliomaliza nao wameitwa hata mara moja." Nikaja nikakaa karibu yako. Nikakushika bega, nikakwambia usikate tamaa, Mungu ana wakati wake. Nikakutuma ukanunue maandazi tunywe chai. Ukaniambia, "Asante baba." Nilikufariji kwa kidonda nilichokitia mimi, nawe ukanishukuru. Maandazi yale niliyala, Skola. Sijui niliyamezaje.

Baada ya hapo uliacha kuuliza. Ukafungua barua pepe yako kwenye simu. Nilipokuuliza ukasema, "Siku hizi kila mtu ana yake, baba." Sikuthubutu kuuliza kama ulikuwa umehisi kitu. Mpaka leo sijui.

Huenda Iringa usingepata. Nimejifariji kwa hilo mara nyingi, na halifariji. Hata kukosa kulikuwa kwako, ukakose mwenyewe kwa miguu yako, urudi unieleze walikuuliza nini, ucheke kama Maduhu. Nilikunyima hata hilo.

Kwa hiyo ukiandika tena, kwenye mawasiliano weka namba yako na barua pepe yako, na nywila uijue wewe tu. Usimweke mtu yeyote kati yako na wanaokuita, hata awe mume utakayempata, hata awe mtu mwema. Mimi watu wananiita mwema. Na siku ukiwa mbele ya wasaili wakakuuliza miaka ile miwili ya nyumbani ilikuwaje, usiinamishe kichwa. Ulikuwa kazini. Na moyoni mwako futa lile neno ulilolisema kwenye benchi. Hukuwa mtu asiyeitwa. Uliitwa, tena na CV mbaya kuliko zote nilizowahi kuchapa, yenye maneno "sina uzoefu" juu yake. Waliisoma hiyo hiyo wakataka kukuona. Ulifaa tangu wakati ule.

Ujumbe wenyewe sikuufuta. Leo nimeutoa kwenye karatasi, nimeukunja pamoja na barua hii. Tarehe yake imepita na hauna faida ya kitu, ila ni wako na una jina lako.

Nikuambie na hili, maana nimeamua leo kutokuficha. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuitia barua hii ndani ya bahasha ya vyeti vyako, chini kabisa, uikute Morogoro siku ya kuripoti. Nilishaifungua bahasha. Nikaona ndiyo yale yale: wewe uage kwa furaha, unikumbatie stesheni mbele za watu, treni iondoke, mimi nibaki nimeiba na hilo kumbatio. Nikaifunga bahasha. Vyeti vyako vyote vimo, nimevihesabu, sijagusa kingine.

Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwa shangazi, kabla ya chakula. Nitakaa nje kwa jirani, Mama Kulwa, nimsaidie kupeta mchele wake, usome bila kuniona sura. Usiharakishe. Sikuombi unisamehe leo. Sina haki ya kukubebesha na hilo wakati una safari.

Nyumba itakuwa kimya, sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa. Nitapika kingi kupita kiasi kwa siku kadhaa, halafu nitazoea. Nitafungua duka, nitasoma barua za watu, nitawapigia. Kimya hicho ni changu. Nilipaswa kukipokea tangu Jumatatu ile, nikakurundikia wewe kwa miaka miwili.

Treni ni kesho mchana. Ukitaka nikusindikize, nitabeba begi kubwa na sitasema neno njiani mpaka uniongeleshe. Usipotaka, niambie tu asubuhi, au mwambie Mama Kulwa aniambie. Nitakuitia bajaji, nitakupakilia mizigo, nitaagia hapa mlangoni.

Baba yako.